Aika kwa kitongoji changu, na neno kwa wakubwa wa wilaya: barua ya wazi kutoka Uru

Uru, Moshi
Januari 2025

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Moshi, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, Mheshimiwa Mbunge wetu, Mheshimiwa Diwani, na wote mnaoshika kalamu na muhuri kwa niaba yetu.

Shikamooni. Mlio wadogo zangu kwa umri, habari za kazi na poleni na majukumu.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji kimoja huku Uru, upande wa juu ambako mibuni bado inaishi chini ya migomba. Nilizaliwa Kibosho, nikavuka mto Karanga kuja kuolewa, na mume wangu amelala hapa hapa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo la nyumbani. Jumatano ya tarehe 27 Novemba 2024 watu wa kitongoji hiki walinipa kura, nikampita mwenzangu kwa chache tu. Chama changu sitakitaja kwenye barua hii. Wanaonijua wanakijua, na kwa neno nililo nalo leo hakina kazi.

Kwetu mtu hutanguliza aika, yaani asante, ndipo aombe, na mimi nitafuata njia hiyo.

Kwa aliye mbali, uchaguzi wa vitongoji unaweza kuonekana jambo dogo. Watu walijiandikisha siku kumi za Oktoba, kuanzia tarehe 11 hadi 20, wakafanya kampeni siku saba za Novemba, wakapiga kura, kwisha. Huku ndani haukuwa mdogo. Mgombea wa kitongoji ni mtu unayekutana naye kila asubuhi ukipeleka maziwa. Kihamba chake kimepakana na chako, watoto wake wanasoma na wako, ng'ombe wako akikwama kuzaa usiku yeye ndiye wa kwanza kumwita. Kwa hiyo ugomvi wa uchaguzi huu haubaki uwanjani kwenye vipaza sauti. Unaingia mpaka jikoni.

Na uliingia. Zilikuwepo nyumba ambazo zamu ya kusali ya jumuiya yetu ya kanisa ilipozifikia, nusu ya watu hawakutokea. Akina mama wawili waliokuwa wakishuka pamoja tambarare kukata majani ya ng'ombe, miaka na miaka, wakaanza kushuka kila mmoja na saa yake. Halafu usiku mmoja wa wiki ya kampeni, migomba mitatu ya jirani yangu ilikatwa, yote ya mshare, ndizi zetu za kupika, yote imebeba. Mkubwa wangu unayetoka mkoa mwingine huenda usione uzito wake, kwa hiyo niruhusu nieleze. Mgomba huku ni chakula, ni majani ya ng'ombe, ni kivuli cha kahawa, ni kinywaji cha wazee, na ndipo wanapolala waliotangulia. Anayeukata usiku kwa sababu ya siasa amegusa kila kitu cha nyumba ile. Mpaka leo hatujamjua, na nimeomba watu waache kumtafuta. Nilijua tukimtafuta tutapata majina kumi.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa kijana mwaka 1951, Wachagga walipomchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, chifu wao wote. Alipenda kutukumbusha kwamba sisi wa mlimani tulijua kura kabla nchi haijapata uhuru. Ila hakuishia kwenye sifa. Alisimulia pia kuhusu ndugu wawili wa ukoo wetu waliogawanyika wakati ule, wasinywe tena mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja mpaka mmoja wao alipofiwa na mtoto. Alikuwa akifika hapo ananyamaza, anachokonoa moto. Siku zile za kampeni nilimkumbuka kuliko wakati wowote tangu tumzike.

Sasa aika yangu ya kwanza. Namtolea mwenzangu niliyeshindana naye. Ni shemeji yangu, mtoto wa baba mkubwa wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyeshika jembe la kwanza siku tulipochimba kaburi la mume wangu, na ndiye niliyemsikia jukwaani akisema mwanamke aliyeolewa hapa hawezi kuijua mipaka ya hapa. Neno lile liliniuma, sitasema uongo. Matokeo yalipobandikwa, vijana wa upande wangu walitaka kupita na ngoma mbele ya nyumba yake. Niliwakatalia. Nikaenda kwenye mpaka wa kihamba chetu na chake, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo kama mama mkwe alivyonifundisha, nikaenda kwake peke yangu kabla giza halijaingia.

Kwa wasiojua, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, na ndiyo shahidi wa mipaka yetu. Mtu akikuletea jani lake mkononi, amekuja kutafuta amani, na kulikataa ni jambo zito sana. Nilimkuta bandani anawapa ng'ombe majani. Alilitazama lile jani, akanitazama. Mimi ndiye niliyeshinda, na kwa desturi mwenye kosa ndiye anayelileta. Nikamwambia, "Shemeji, wiki hii sote tumesema mengi. La kwangu nimelileta." Alinawa mikono, akalipokea kwa mikono miwili, akamwita mkewe alete kiti. Hatukuongelea kura hata kidogo. Tuliongelea ndama.

Wakubwa zangu, simulizi ile ningeweza kuiacha moyoni. Nimeileta kwenu kwa sababu siku chache baadaye ilizaa kitu mnachoweza kuja kukiona kwa macho.

Mvua za vuli zilikuja na nguvu mwanzoni mwa Desemba. Tulikuwa bado hatujasahau masika ya 2024 yaliyoleta mafuriko na maafa Moshi. Usiku mmoja maji ya korongo yalipanda, yakaondoka na daraja letu la magogo, lile wanalovuka watoto kwenda shule. Palepale juu kidogo yalipasua ukingo wa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na mfongo ukaanza kumwaga maji yake kwenye njia. Asubuhi nilipofika nilikuta watoto wamesimama ng'ambo na sare zao, na kijana mmoja ameshaanza kuwabeba mgongoni.

Nilikuwa sijajua nianzie wapi. Ofisi yangu ni meza ya sebuleni. Kisha nikasikia pembe ya msaragambo, ya kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja, inapigwa kutoka juu, kwa shemeji yangu. Sikuwa nimemwagiza. Watu wakaanza kutoka vihambani na majembe, na sululu, na mapanga, na wale waliokuwa hawasalimiani wakajikuta kwenye mstari mmoja wa kupokezana mawe. Akina mama wale wawili wa majani walishika karai moja la udongo, mmoja huku, mmoja kule. Mwenye migomba iliyokatwa alikuja na vigogo vya migomba ile ile kuzibia ukingo. Shemeji yangu alileta mbao za mgrivea alizokuwa amepasua kwa ajili ya banda lake jipya, akazilaza korongoni kwa mikono yake. Mchana kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kikaja kwenye sufuria kubwa, wazee wakapata kata yao ya mbege, na kabla ya jua kuzama watoto walikuwa na pa kuvukia.

Aika kwa kila aliyeshika jembe siku ile. Aika kwa waliopiga kura upande wangu, na aika kwa walionikataa kwenye sanduku wakaja korongoni. Aika kwa mama wa kikundi chetu cha vikoba waliotoa sehemu ya mfuko wa jamii bila kuombwa mara mbili. Aika kwa mwalimu aliyewavusha watoto wiki nzima, kwa vijana wa bodaboda waliobeba misumari kutoka mjini bila nauli, na kwa wazee wa mfongo.

Hapa kwenye mfongo naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo neno langu lilipo.

Mifereji hii ilichongwa na mababu zetu kwa jembe na jicho, kabla ya vipimo vya wahandisi. Maji yanachepushwa mtoni huko juu karibu na msitu, yanateremshwa pole pole ubavuni mwa kilima, na usiku yanakusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo, ili asubuhi yapate nguvu ya kufika shamba la mwisho. Kila nyumba ina zamu yake. Mzee wa mfongo anajua nani anafungua alfajiri na nani anafunga jioni, na mwenye shamba la chini kabisa ana haki ile ile ya mwenye shamba lililo karibu na chanzo. Asiyetokea siku ya kusafisha anatozwa faini au anaikosa zamu. Hilo ndilo swali pekee linaloulizwa: ulikuja kusafisha? Sijawahi, miaka yote niliyokaa hapa, kusikia mtu amenyimwa maji kwa sababu ya aliyempigia kura. Hata wiki ile ya migomba kukatwa, zamu za maji hazikuguswa.

Wazee hao hao, kwa akili hiyo hiyo ya zamu na ya kuchangia, ndio waliounda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Umoja walikuwa nao tayari. Walitoka nao mferejini wakaupeleka kwenye mizani ya kahawa.

Ninachowaomba, wakubwa zangu, ni kwamba serikali itupatie haki yetu kama mfongo unavyotoa maji.

Nina hofu, na nitaisema wazi. Mwaka huu 2025 tunarudi tena vituoni kwa ajili ya Rais, wabunge na madiwani. Watakuja watu na magari, watagawa fulana, na baadhi watatuambia kitongoji kinachochagua vizuri ndicho kitakachopata. Nimeshayasikia maneno hayo kwenye kampeni zilizopita, tena yakisemwa kwa kipaza sauti, mbele ya watoto. Maneno ya namna hiyo ndiyo yanayokata migomba usiku. Mkinisaidia kwa jambo moja tu mwaka huu, nisaidieni kwa hili: yeyote anayezungumza kwa niaba yenu asimwambie mwananchi wa Uru kwamba maji, dawa au barabara ni zawadi ya kura. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Imesema wananchi, ikaishia hapo.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Anayekuja kwangu kuomba barua ya utambulisho, iwe ya kitambulisho cha NIDA, ya kufungua akaunti benki, au ya kumdhamini mwanawe, namwandikia siku hiyo hiyo. Simuulizi kitu kingine, na simtozi. Mwenyekiti wa kitongoji hana mshahara na karatasi nanunua mwenyewe. Nasema haya ili mjue kwamba ninachowaomba ninyi, nami nakifanya kwa kiasi changu.

Sasa daraja. Mbao za shemeji yangu zinatushikilia, lakini hazitavuka masika. Machi ikifika korongo lile litazichukua kama lilivyochukua magogo. Tunahitaji kivuko cha zege cha waenda kwa miguu, chembamba tu, chenye kingo za kuwazuia watoto. Nimeshazunguka ofisi kadhaa, sitazitaja. Moja iliniambia njia yetu haimo kwenye orodha ya barabara kwa kuwa ni njia ya miguu. Nyingine ikasema jambo la watoto wa shule ni la elimu. Ya elimu ikasema madaraja si kazi yake. Wote walinipokea vizuri, wakanipa kiti, na nilirudi nyumbani mikono mitupu mara tatu. Mtoto akisombwa na maji, hatasombwa na idara moja. Nawaomba mkae meza moja, hata kwa nusu saa, mkubaliane korongo hili ni la nani.

Hatuji mikono mitupu. Krismasi ndugu zetu walipopanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko, kama ilivyo desturi yetu ya Desemba, tulikaa nao kikao kihambani kwa shemeji yangu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya daraja. Nilimpendekeza mimi na watu wakapiga makofi mpaka akainama. Mawe yamekusanywa. Mchanga upo. Vijana wanaponda kokoto. Fedha ya mwanzo imewekwa kwenye akaunti ya kijiji, na kila mchango umeandikwa kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulifungua. Tunachokosa ni mhandisi wa kutuonyesha msingi uende chini kiasi gani, nondo, na saruji. Serikali mara nyingi inasema itaunga mkono nguvu za wananchi. Nguvu hizo hapa zimeshalala kando ya korongo, zimefunikwa na majani ya migomba zisichukuliwe na mvua.

Mheshimiwa Mbunge, upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria mwaka 2009, na wewe ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Kazi kama hii ndiyo inayofaa mfuko ule: wananchi wameanza, bado kidogo tu imalizike. Mheshimiwa Diwani, nakuomba ulifikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya bajeti kufungwa.

Mkurugenzi, nina maneno mawili nawe. La kwanza ni mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, yaani asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimama Aprili 2023, watu wakakata tamaa, na 2024 ikarudi. Nina kikundi cha akina mama wanaofuga kuku na kingine cha vijana wanaotaka kuotesha miche ya parachichi. Waelekezwe mapema namna ya kuomba, maana wengi hawajui hata kwamba mlango umefunguliwa, na wachache wanaojua wanaamini lazima uwe wa upande fulani. Tumeni afisa maendeleo ya jamii aje awaambie kwa mdomo wake kwamba si hivyo. Wakisikia kutoka kwangu wanafikiri najipendekeza.

La pili ni mikutano. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanasomwa. Tusaidieni isirukwe. Majina ya kaya za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, nayo yasomwe kwa sauti mbele ya watu wote, bibi wa bondeni asikie jina lake au asikie kwa nini halimo. Manung'uniko mengi niliyoyakuta kwenye kampeni hayakuwa ya vyama. Yalikuwa ya orodha iliyoandikwa mahali ambapo hakuna aliyekuwepo.

Bi Mkuu mmoja wa hapa kwetu, ambaye alitembea na fimbo kwenda kupiga kura na sijui alimpa nani, alinishika mkono siku ya msaragambo akaniambia: "Mwenyekiti, leo umekuwa wa wote. Kesho je?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia aje kesho aone. Amekuwa akija kweli, anakaa barazani kwangu, anatazama anayeingia na anayetoka.

Tunaanza kuchimba msingi Jumamosi tarehe 1 Februari, saa mbili asubuhi. Pembe itapigwa kwa shemeji yangu. Anayekuja na gari aliache kanisani, kutoka hapo ni kutembea kidogo kuteremka korongoni, na vijana watakuwa njiani kuwaelekeza. Njooni na mhandisi, na njooni na viatu vya matope. Kiburu kitakuwepo, na tumewawekea majembe.

Aika sana,

Mwenyekiti wa Kitongoji
Uru, Moshi